Binti wa Mwalimu Hakuwa Mstarini

Mama yangu usiyeamini neno la mtu,

Nakuandikia wewe ambaye hukujua kusoma, na sasa hata kusomewa huwezi. Lakini juzi hapa Bunda nimesikia jambo, na sioni mtu anayestahili kuambiwa kabla yako. Linahusu mwaka ule wa ndui, na Mwalimu Mafuru, na Nyamisi binti yake. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ulikuwaga unasema mtu anayeanzia habari katikati ana kitu anaficha.

Ndivyo ulivyokuwa. Pale mwaloni Mwigobero ulinunua dagaa kwa kaka zako wa tumbo moja, waliotoka nazo kisiwani Rukuba, na bado ulizamisha mkono mpaka chini ya fungu kuona kama za chini ni kavu kama za juu. Mjomba alikuwa anacheka, anasema dada huyu angemkagua hata malaika. Wewe hukucheka. Uliendelea kukagua.

Habari za ndui zilitufikia kwa mitumbwi hiyohiyo. Wavuvi walisema katika kambi fulani visiwani watu wametoka malengelenge mwili mzima, na wengine wameshazikwa. Kabla ugonjwa wenyewe haujafika Musoma, swali lilikuwa limefika: shule itafungwa au haifungwi? Kila mtu alikuwa na jibu lake. Baba alikuwa anashona kwenye baraza ya duka la Mhindi, akarudi na habari kwamba boma limeshaamua, shule inafungwa, na majengoni watalazwa wagonjwa. Mama Perusi jirani yetu, aliyekuwa na watoto wawili shuleni, akasema kanisani wametangaziwa kwamba haifungwi kabisa. Wengine wakasema ikifungwa safari hii haifunguliwi tena, itakuwa ghala la pamba.

Wewe uliogopa yote mawili. Nilikuwa darasa la tatu, na wasichana tulikuwa wachache mpaka tulienea benchi moja. Najua ulivyopigana na ndugu za baba ili nikae kwenye benchi lile. Shule ikifungwa, ulijua watakuja kusema basi, ametosha, aolewe. Isipofungwa, ulikuwa unanipeleka mwenyewe kwenye pumzi za watoto wa watu. Kila asubuhi ulinipima paji la uso kwa mgongo wa mkono, ukanitazama ulimi, ukanigeuza masikio. Kisha unanisukuma niende, halafu unaniita nirudi, unaanza upya.

Mwisho ulikwenda kumuuliza Mwalimu mwenyewe. Ulibeba dagaa kidogo ili isionekane umekwenda kuuliza. Mwalimu Mafuru alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na watu walimheshimu kuliko jumbe. Alikujibu kwamba shule haifungwi, hakuna hatari yoyote, wazazi watulie. Ulirudi nyumbani ukaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, ukamwambia baba, "Amejibu upesi mno. Mwenye jibu la kweli angefikiri kwanza."

Baba akasema unamtafutia mtu makosa bure.

Kisha ikaja siku ya chanjo. Tuliambiwa mtu wa boma atakuja kuchanja watoto wote shuleni, na wazazi wanaotaka waje watazame. Mlikuja karibu wote. Yule bwana alivaa kaki, akafungua sanduku lake juu ya meza uwanjani, na watoto wakaanza kulia kabla hajagusa mtu. Mwalimu Mafuru aliona mlivyonung'unika. Akawaita watoto wake wawili wa kiume, wadogo bado, akawasimamisha mbele ya mstari. Wakachanjwa wa kwanza. Mmoja alilia, mwingine akauma midomo. Wazazi wakatulia, na Mama Perusi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Mimi nilikuwa kwenye mstari wa wasichana, nimekunja mkono wa gauni. Nilikuona unatuangalia mmoja mmoja, na nikajua umeona. Nyamisi hakuwepo. Nyamisi tuliyekaa naye benchi moja, aliyezoea kuja kwetu kula vile visamaki vya ziwani, furu wa kukaanga, na kusahau kwenda kwao. Kwa siku kadhaa nafasi yake ilikuwa wazi, nasi tuliambiwa ana mafua.

Hukupaza sauti. Uliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Mwalimu, Nyamisi yuko wapi?"

"Amekwenda kumsalimia bibi yake Butiama."

"Bibi anaumwa?"

"Hapana. Ni kusalimia tu."

"Katikati ya masomo?"

Mwalimu akageuka kumsemesha mtu wa chanjo. Hapo ulivuka uwanja, ukanishika mkono, ukanishusha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, tukaondoka mbele ya watu wote. Ulisema neno moja tu, na Mama Perusi akalisikia: "Dawa nzuri haimruki mtoto wa mwenye dawa." Akaingia mstarini, akachukua wake. Nyuma yake wengine. Tulipofika barabarani nilitazama nyuma, mstari ulikuwa umebaki vipande.

Kesho yake mabenchi yalikuwa matupu. Boma halikuifunga shule ile, mama. Uliifunga wewe, kwa swali.

Jioni Mwalimu alikuja nyumbani na jumbe. Baba alisimama na futi yake ya kitambaa shingoni, hajui amkaribishe nani kwanza. Jumbe alisema mtu anayetia watu hofu wakati wa maradhi anaweza kupelekwa barazani. Ulikuwa unachambua dagaa, na hukuacha kuchambua.

"Sijamtia mtu hofu," ulisema. "Niliuliza mtoto yuko wapi. Mwalimu anijibu kwa nini amemtoa, na wangu atarudi kesho."

Nilimtazama Mwalimu. Nilidhani atafoka. Alitazama chini kwenye ungo wako, akavaa kofia, akaondoka. Jumbe alibaki kidogo peke yake, kisha naye akatafuta njia.

Haikuchukua muda mrefu. Mtu mmoja alikuja na baiskeli kutoka Butiama akisema Nyamisi ana ndui. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kule wakati sisi Musoma tulikuwa tunausikia tu. Mwalimu alifunga nyumba akaenda na mkewe. Sokoni watu walisema Mungu amemuumbua, na wengine walikuja kukupongeza kama mtu aliyeshinda kesi. Hukufurahi nao. Ulianza kuwauliza maswali: aliondoka lini hasa? Nani alimwona anaondoka? Habari za mtu wa chanjo zilikuja kabla au baada? Mpaka ukajua kwamba Nyamisi alitolewa kabla mtu yeyote hajasikia habari za chanjo. Kumbe hakutoroshwa kwa kuogopa sindano. Alitoroshwa kwa kuogopa ndui, na sindano ikamkosa.

Siku hiyo hukwenda sokoni. Asubuhi iliyofuata ulinishika mkono tukaenda hospitali ya boma. Ulimwambia dresa, msaidizi wa daktari, "Mchanje huyu. Na mimi." Lakini alipochukua sindano ulimzuia, ukamwambia akunje kwanza shati lake aonyeshe alama yake. Akaionyesha huku anacheka. Ukaisogelea, ukaigusa kwa kidole, ndipo ukatoa mkono. Tulipotoka ulipita kwa Mama Perusi, ukamwambia awapeleke wake leoleo. Mwanamke yule alikuamini kuliko boma, akawapeleka, na aliowaambia nao wakaenda. Ndui ilipofika Mwigobero ilichukua watu, na tulisikia vilio upande wa kambi za wavuvi, lakini benchi letu lilijaa tena polepole, na waliorudi walirudi wazima.

Nyamisi alikuwa wa mwisho kurudi. Uso umechimbika, na jicho la kushoto jeupe.

Tulikwenda kuwapa pole. Ulibeba kambare wa kukaushwa, mimi nikabeba unga. Mwalimu hakutoka chumbani. Mama Nyamisi alitukaribisha, na kabla hujakaa vizuri alisema, "Mama Zaituni, usimlaumu mume wangu. Ni mimi niliyemtoa mtoto. Yeye alikataa."

Ulimshika mikono yote miwili. Ukamwambia, "Ningekuwa wewe, ningefanya hivyohivyo."

Nililia mle ndani, mama, kwa jinsi ulivyolisema. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea ziwani ulisimama, ukatazama nyuma.

"Au anamficha mumewe," ukasema.

Nikakuambia mama, acha. Ukasema umeacha. Hukuacha. Mwalimu alipohamishiwa Bunda, ulilisema tena. Aliposikika amefariki, ulisema innalillahi, kisha ukasema tena: mwanamke yule hakulia alipokuwa anaeleza, mama akieleza jambo kama lile hulia. Baba alikuwa anaondoka mezani ukianza. Na mwaka juzi, ulipokuwa umelala kile kitanda ambacho hukuinuka tena, uliniuliza kama nimewahi kumwona Nyamisi, na kama amesema lolote. Nilikuambia sijamwona.

Sasa nimemwona.

Naishi Bunda, kama unavyojua, na mume wangu ana duka la vitambaa. Mjukuu wako Rehema ameanza darasa la kwanza. Mwezi huu habari zimeanza tena. Madereva wa malori wanasema ndui iko upande wa machimboni. Na swali ni lilelile, mama. Kisimani wanasema shule inafungwa. Dukani wanasema haifungwi. Mwalimu mkuu wetu ni kijana mzuri, mwenye kalamu mfukoni, na nilipokwenda kumuuliza alisema hakuna hatari, tunangoja neno kutoka Musoma. Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani nimejaa mashaka, nikajikuta napita nyuma ya nyumba yake kutazama kama nguo za watoto wake bado ziko kwenye kamba.

Nilimpeleka Rehema kuchanjwa zahanati, na foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni na wawili mkononi. Alipogeuka nilimtambua kabla hajanitambua. Anaishi hapahapa, mama, mumewe ni fundi seremala, na tumepishana sokoni mwaka mzima bila kujuana kwa sababu yeye hujifunika khanga upande mmoja wa uso. Tulishikana, tukacheka, tukakumbuka furu wako. Watoto walipochanjwa, tulikaa kwenye ukuta wa zahanati, na nikauliza. Unajua nisingeweza kuondoka bila kuuliza. Nani alikupeleka Butiama?

Akasema, "Baba. Mama alikuwa Bugwema kulima kwa dada yake. Aliporudi hakunikuta."

Mwalimu alimpandisha kwenye baiskeli Jumamosi, watu wakiwa sokoni, na njia nzima alikuwa anamwimbia. Walipopumzika njiani alimwambia asimwambie mtu, kwa maana watoto wa watu wakisikia watakimbia wote. Mambo yalipoharibika, mama yake akachukua lawama mwenyewe. Mwalimu aliyejulikana amedanganya wazazi, nani angempa tena mtoto wake? Hakumwambia mumewe kwamba atafanya hivyo. Mwalimu mwenyewe alilisikia kutoka chumbani, siku ile tulipokwenda na kambare.

Nikamuuliza kama ana uchungu naye. Nyamisi alifikiri kwanza.

"Alinipenda kuliko wale wawili," akasema. "Ndiyo maana. Wale aliwaacha, wakapona."

Basi, mama, ulikuwa sahihi. Tangu siku ile kwenye mteremko. Nilipotoka zahanati nilitaka nikufurahie. Nilitembea mpaka nyumbani nakisubiri kicheko, hakikuja. Namwona mtu mrefu anaendesha baiskeli na mtoto anayempenda kuliko wengine, anampeleka kwenye ndui kwa miguu yake mwenyewe, huku anaimba. Sikuweza kumchukia. Nilijaribu, kwa ajili yako.

Ninachomlaumu ni kidogo, lakini sikiachi. Angesema siku ile, "Mama Zaituni, sijui, na mimi naogopa kama wewe," nadhani ungemwamini. Angekuwa mtu wa kwanza. Lakini alitupa sisi utulivu, hofu akaenda nayo Butiama. Na huyu kijana wa hapa naye ananipa utulivu. Hata mimi, Rehema akiniuliza kama shule itafungwa, namwambia lala, hakuna kitu. Nasikia ninavyojibu upesi.

Kesho nitampeleka shule. Nimeshaongea na Nyamisi, naye ataleta wake. Tutasimama pale langoni na mabeseni yetu, kama wanawake wanaopita tu, mpaka tuone watoto wa mwalimu mkuu wameingia darasani na kukaa. Akikasirika, akasirike. Akija na jumbe, tutakuwa wawili.

Kaburi lako tumelipalilia kabla ya mvua, na baba anakusalimu. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, lakini yuko mzima. Watu wanasema huko uliko hakuna uongo. Mimi nakufahamu. Najua bado unauliza.

Binti yako,
Zaituni