Wifi, Uliishiwa Damu Sisi Tukikuangalia

Mpendwa wifi yangu Zuhura,

Kaka alipokuoa akakuleta kwetu Magomeni, mimi ndiye niliyekutafutia meza ya kuuzia vitenge karibu na yangu, Kariakoo. Ulikuwa na sauti wewe! Mteja ameshapita, unamrudisha kwa maneno matatu, na akinunua unanikonyeza.

Mimba ilipofika miezi sita, sauti ikapungua. Ukaanza kuita wateja umekaa, halafu ukaacha kuita kabisa. Viganja vilipauka kama vya mtu aliyeshinda akifua. Ukitaka kusimama, ulishika meza kwanza, ukafumba macho, ukangoja kizunguzungu kipite. Nilikuona. Kila siku nilikuona.

Kliniki walikupa vidonge vya kuongeza damu. Ukaniambia vinakuchafua tumbo, choo kinakuwa cheusi, unaogopa. Nikakujibu, "Achana navyo, wifi. Kula matembele, damu itarudi." Nilisema kama mjuzi, mimi ambaye sijawahi kubeba mimba. Na ule udongo uliokuwa unautafuna kutwa, mimi ndiye niliyekuwa nakununulia sokoni.

Siku ya uchungu ulitembea mwenyewe hadi kwenye bajaji. Mchana binti yako akazaliwa mzima. Nesi akatoka, akatuambia umepoteza damu, si nyingi kupita kiasi, ila ulikuja huna akiba. Akauliza ndugu gani anaweza kutoa. Nikajitokeza. Nilikuwa bado nimelala na sindano mkononi, mfuko haujajaa, nikamsikia kaka akilia koridoni.

Msibani walisema ni husda, kwamba biashara yako iliwauma watu. Kaka akaamini. Mimi niliyejua nikanyamaza, maana kuusema ukweli kulikuwa kujitaja mwenyewe.

Kaka ameoa tena, wifi. Mkewe anaitwa Rehema, ana mimba ya miezi mitano. Jana asubuhi alikuwa anafagia uani, akauacha ufagio, akakaa kizingitini akihema kama aliyepanda ghorofa nne. Midomo haina rangi. Mama akasema ni mimba tu, ataizoea. Nikavitazama viganja vyake.

Leo nimemleta kliniki. Wamempima damu, wamesema tusiondoke, daktari anataka kumwona. Hawakusema kwa nini. Tumekaa kwenye benchi tangu saa tatu, na hapo ndipo nilipomweleza habari zako zote: vidonge, udongo, maneno yangu. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba ulilogwa.

Aliweka mkono juu ya tumbo. Kisha akaniuliza polepole, "Wifi, kwani ulikuwa unamchukia?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa nakupenda sana.

Akasogea kidogo, akaacha nafasi kati yetu kwenye benchi. Nadhani angepumua vizuri zaidi kama ningesema nilikuchukia, maana naye nampenda.

Mlango wa daktari bado umefungwa. Lala salama, Zuhura. Usiponisamehe, nitaelewa.

Ni mimi wifi yako, shangazi anayemlea binti yako