Waya wa Umeme Juu ya Kaburi la Baba

Annandale, Virginia

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute goti limekuachia, unafika zizini bila kuegemea fimbo. Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado haijanizoea.

Kaka Kiprono alinipigia simu. Kwanza alilalamikia mahindi, kwamba mvua imemchezea tena, kisha akafika alikokuwa anakwenda. Alisema kuna laini kubwa ya umeme inayokuja kutoka kwenye visima vya mvuke wa ardhini kule juu, na waya wake umepimwa upite juu ya kaburi la Baba. Majirani wote wamekubali isipokuwa wewe, na wewe umewaambia, "Nitasikia Jebet atasema nini." Akanisihi nikwambie ukubali. Mama, nilikasirika. Nilitaka kukuandikia siku ile ile ukatae, na lango ufunge. Nashukuru sikuandika, maana kuna jambo limenipata hapa.

Unamkumbuka Bi Martha, yule bibi wa Fairfax ninayemtunza. Mapafu yake yamechoka, hata sentensi moja huimaliza kwa vituo, na kutwa nzima anavuta hewa ya mashine inayotumia umeme. Nyuma ya nyumba yake kuna safu ya miti aliyoipanda marehemu mumewe, na hapo hapo ndipo laini mpya ya umeme ilipopangwa kupita. Naam, hata huku! Serikali ya jimbo ikaita mkutano ili wananchi watoe maoni. Kwa kuwa pumzi haimtoshi, Bi Martha aliniomba nimsemee: miti isikatwe, basi.

Tulipofika, mhandisi alikuwa anaeleza. Unajua taa za huku zinawashwa na nini, Mama? Nyingi kwa gesi, na kuna mtambo wa zamani unaochoma makaa ya mawe. Moshi wake ni katika ule unaoifunika dunia na kuizidishia joto, mpaka mvua ya Kiprono inapotea njia. Jimbo limepitisha sheria moshi huo upunguzwe hadi uishe. Lakini majumba ya kompyuta za mtandao yameota kila mahali, yanakunywa umeme bila kushiba, na mtambo ule haufungiki mpaka umeme mwingine upatikane. Laini hii ndiyo ya kuleta umeme wa upepo kutoka baharini. Nilimsikiliza yule mhandisi nikitaka kumchukia, nikashindwa.

Kisha nikaitwa. Nikasimama kama ulivyonilea. Nikawasalimu wenye mkutano, wakubwa kwa wadogo. Nikajitambulisha mimi ni binti wa nani, natoka wapi, nasali wapi. Nikawapa pole kwa kazi. Nikamshukuru Mungu aliyetukutanisha. Nilipoanza kumtaja marehemu mumewe Bi Martha, taa nyekundu ikawaka mbele yangu, na mwenyekiti akasema kwa upole, "Asante, dada. Muda wako umekwisha."

Kumbe kila mtu hupewa dakika chache tu! Sikuwa nimefika hata kwenye mti mmoja. Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze.

Bi Martha akanivuta mkono, akaomba maikrofoni. "Miti ile... naitaka," akasema, akapumua. "Na moshi huo... siutaki. Umekaa kifuani mwangu. Je, kuna aliyejaribu... kuupitisha waya kando ya barabara?"

Mhandisi akaitazama ramani yake, akasema hapana, hakuna aliyewahi kuuliza.

Baadaye mhandisi na wenzake walikuja nyumbani kwa Bi Martha. Nikawapikia chai ya maziwa, ya kwetu, na Bi Martha akawatembeza mti kwa mti akiwa amenishika bega. Waya umesogezwa, lakini si wote. Miti ya mwisho kule pembeni itakatwa, iliyobaki itasimama. Aliililia hiyo ya pembeni, nami nikalia naye. Kisha akakubali.

Mwanaidi, Mtanga mmoja tunayepokezana zamu, bado ananicheka. "Mwenzangu, ulikwenda mkutanoni au ulikwenda kuposa?" Kila nikifika ananiuliza kama salamu zangu zimekwisha.

Sasa Mama, neno langu ni hili. Umeme wetu wa mvuke hauna moshi kama wa huku, na ningefurahi ukifika mbali. Lakini Baba alipachagua pale mwenyewe, apate kuona ng'ombe wakirudi, na mimi sikuwepo alipolazwa. Hilo bado linaniuma. Waite hao watu wa nguzo. Usiongee nao langoni. Waingize, wape chai, wapeleke kwa Baba, uwaambie alikuwa nani. Halafu uliza kama waya unaweza kuzungukia barabarani. Ukisogea, kubali. Wakisema hausogei kabisa, kataa, na Kiprono mwambie aje agombane na mimi.

Nisalimie huyo huyo Kiprono na mkewe, shangazi anayeuza maziwa, na jirani yetu mwalimu anayekusomea barua hii. Mwambie asiruke mahali nilipolia.

Na siku watakapokuja, Mama, salimia mpaka utosheke. Taja ukoo wote, uanzie kwa babu. Hapo ni kwako, hakuna taa itakayokukatiza.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Jebet