Komfrei ya Mama Imegoma Kufa

Masama, Moshi
18 Agosti 1996

Mpendwa kaka Godlove,

Shikamoo. Habari za Songea na baridi yake? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi cha mdogo kimekwisha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ndizi zipo za kutosha, ila kahawa usiniulize.

Kaka, Mama hayuko sawa. Haumwi, amenyong'onyea tu, na nasikitika kukuandikia habari za namna hii.

Unaikumbuka komfrei yake, ule mmea wa dawa nyuma ya banda la ng'ombe, yenye majani mapana ya manyoya? Alikuwa anayaanika, anayachemsha taratibu kwenye mafuta ya alizeti, anachuja na kuyeyushia nta ya nyuki. Akina mama wa kwaya walimiminika hapa na magoti yao, naye akajiona daktari, Mungu anisamehe.

Mwezi wa sita mzee Sirili, jirani yetu, alijikata mguu kwa jembe akizibua mfereji. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani, kimejaa matope. Mama akakiosha, akapaka mafuta yake. Haikupita wiki ngozi ikafunga, na watu wakamsifu mpaka kanisani. Kumbe ilifunga juu tu, usaha ukabaki chini unamla. Hospitali ndiko tulikoambiwa kwamba komfrei hufunga ngozi upesi mno, inafaa mahali palipovimba, si kwenye kidonda cha ndani. Wakati huo vidole viwili vilikuwa vimeshakatwa. Laiti tungalijua!

Mama alimpelekea jani la isale kuomba msamaha, kama mila yetu inavyotaka, na mzee akalipokea kwa moyo mweupe. Lakini Mama mwenyewe hajajisamehe. Alichukua jembe akaikatakata komfrei yote, nami nikamwacha apoze hasira. Sasa kila kipande cha mzizi kimechipua, imetapakaa hadi kwenye kahawa. Kila asubuhi yumo humo anang'oa huku analia, na inaniuma sana kumwona.

Juzi mzee Sirili alikuja anachechemea. Goti la mguu ule usioumia limevimba kwa kuelemewa, akaomba apakwe mafuta. Mama akajifungia chumbani, akanituma niseme ameenda sokoni. Mzee akaziona kandambili za Mama pale mlangoni. Hakukasirika.

"Basi nitamngoja arudi," akasema, akaketi kwenye benchi.

Aliketi mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Mama hakutoka.

Njoo, kaka, hata kwa siku chache. Mimi ananisikiliza kama redio ya jirani, lakini wewe kifungua mimba wake atakufungulia.

Shangazi Aikaeli na Tabitha wanakusalimu sana. Mzee Sirili naye anakusalimu, na amesema kesho atarudi tena kuketi. Salamu za Mama sina, maana hajui kama nakuandikia.

Bwana awafunike wewe na nyumba yako.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Elifuraha