Pete ya Mama Imefika

Kaka yangu,

Huku maabara hatujambo, ila feni imekufa tena na mkuu wetu anasema tuvumilie joto. Shemeji jino limepoa?

Pete ya mama ilifika. Nani alimwambia kwamba vishada vyetu, yaani vichembe vya atomi ishirini na tano tu za dhahabu kila kimoja, vitamulika uvimbe kama wake? Siku moja, labda! Sasa hivi vinatoa mwanga mwekundu ndani ya chupa, basi. Hata kwa panya hatujavijaribu. Nilimpigia nimweleze. Akasema, "Kidole kimekonda, mwanangu, pete inadondoka. Itumie kutengenezea dawa."

Basi nikaiyeyusha kwenye asidi, nikatengeneza vishada. Nilipovimulika kwa taa vikawaka kama kaa la moto, kaka, nikalia kama mtoto. Jana joto likazidi, vikagandana, mwanga ukazimika. Vikishagandana havirudi tena.

Limebaki tope jeusi chini ya chupa. Mama akiuliza, mwambie pete yake bado inawaka. Nikimwambia mimi, atajua kwa sauti kuwa naongopa.

Mdogo wako,
"Sonara" wenu