Siku Sitini za Mzambarauni

Mzambarauni, 22 Januari 2024

Dada Swabaha, assalaam aleikum. Waamkaje na msiba? Sisi huku hatujambo, ila tangu tumzike shemeji Abdulhalim nyumba nzima imenyamaza. Mola amrehemu.

Ramani ya mji mpya imebandikwa. Mimi karani tu wa wapima ardhi, lakini niliitazama yote. Shamba la babu limepangiwa steji ya magari, na ubavuni soko na zahanati. Mwenye kaburi pale aje alionyeshe ndani ya siku sitini, lizungushiwe ukuta. Makaburi ya wazee wetu Mzee Chonga ayajua yote. La mwanao hakuna alijuaye ila wewe. Marehemu shemeji alimzika bila hata jiwe, akichelea kupita mipaka ya dini, na alikuwa akikupeleka wewe tu kumzuru.

Njoo, dada. Kwa saa moja tu.

Nduguyo,
Zakariya

Kibokoni, 26 Januari 2024

Zakariya babangu, waaleikumu salaam. Barua yako kaniletea Kache jirani yako asubuhi, alipovuka feri kuja kazini. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Kwa simu nalia tu, bora niandike.

Nitatokaje? Eda haijatimia hata mwezi. Wifi Mejumaa jana kanicheka: "Eda yako wewe kali kama sheria ya serikali, hata dirishani hukai!" Nikamwambia, "Niache, wifi, mume nilimpenda." Miezi minne na siku kumi ni haki yake. Waambie wakubwa zako wangoje. Riyadh wangu amelala pale miaka ishirini na sita, hiyo steji haiwezi kungoja minne?

Nawe usile vya barabarani, tumbo lako nalijua.

Dadako,
Swabaha

Mzambarauni, 11 Machi 2024

Dada, salamu nyingi na Ramadhani njema, huenda kesho tukafunga. Wajionaje? Sisi salama.

Hawangoji. Zimebaki siku tisa. Nimemuuliza ustadh Sheikhan, kasema mwenye eda hutoka mchana kwa dharura, bora alale kwake. Gari nitalileta mpaka mlangoni, ujisitiri, hapana atakayekuona.

Usinichukie. Wajawazito wa huku hujifungulia kwenye foleni ya feri wakikimbilia hospitali za kisiwani. Zahanati hii tumeililia miaka. Siwezi kuomba mji usijengwe, naomba tu ukuta mdogo.

Nijibu hata neno moja.

Nduguyo,
Zakariya

Kibokoni, 2 Juni 2024

Zakariya, assalaam aleikum. Natumai wewe na watoto hamjambo. Eda imetimia.

Barua yako ya Machi niliipata. Niliisoma, nikaitia chini ya godoro. Nakwambia wewe peke yako: haikuwa dini. Ustadh alishanipa ruhusa. Niliogopa midomo ya majirani: "Udongo wa mume haujakauka, yeye yuko garini na wapima!" Nilitaka nisifiwe kwa kukaa eda. Nikasifiwa, ndugu yangu. Mtaa mzima.

Jana nilikuja huko. Sikukupitia, sikuwa na uso. Trekta lishasawazisha. Ni wekundu mtupu, hapana kisima, hapana mti, alama zangu za kaburi. Nilisimama mpaka mfanyakazi mmoja akanambia, "Mama, ondoka hapo, twashindilia."

Dadako,
Swabaha

Mzambarauni, 16 Septemba 2025

Dada, assalaam aleikum. Mwaka na zaidi hujaniandikia. U mzima?

Yumna binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, papa hapa zahanati ya Mzambarauni. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Muuguzi kasema kwa foleni ya feri wasingefika hai wote wawili. Nilisujudu palepale ukumbini.

Karamu ya akika yake ni Jumapili. Njoo umshike. Mimi nami nina yangu ya kukutaka radhi.

Nduguyo,
Zakariya

Kibokoni, 22 Septemba 2025

Zakariya babangu, waaleikumu salaam. Mpe Yumna mkono wa hongera. Mtoto Mola amkuze. Huna la kunitaka radhi.

Jana nilikuja. Mlinitazamia, najua. Nilifika steji, nikashuka, nikashindwa kuuinua mguu, maana sikujua namkanyaga Riyadh wangu wapi. Basi nikatoa ile salamu ya makaburini, kwa sauti, kwani sikujua nielekee upande gani: assalaam aleikum, enyi watu wa makazi haya. Makanga wa magari, wauza maji, abiria na mizigo yao, wote wakaniitikia: "Waaleikumu salaam, mama! Karibu! Waenda wapi?"

Nikapanda gari lilelile nikarudi.

Dadako,
Swabaha