Chapa ya Ng'ombe na Cheti cha Korona

Hodan, mjukuu wangu, awowe,

Asalaam aleikum. Hapa Garissa sisi wazima, mvua imenyesha kidogo, na ngamia wa mjomba wako amezaa. Shangazi zako wanakusalimu.

Umeuliza kwa nini ndege ya kunileta Toronto kumwona mtoto wako mchanga iliniacha, na cheti ninacho mkononi. Wallahi, hata mimi sielewi vizuri. Nilipimwa korona wiki mbili mapema ili nisichelewe. Pale uwanjani binti mmoja akakisoma, akasema, "Mzee, hii imeisha muda. Ni ya saa sabini na mbili tu." Nikamwambia sijaumwa hata mafua. Akanionea huruma, kisha akamwita anayenifuata.

Nikiwa kijana, mimi na baba tulitoa ng'ombe Hulugho kuwapeleka sokoni. Daktari wa mifugo aliwapima damu, na wazima akawapiga chapa ya moto ubavuni. Chapa ile haifutiki, nami nikadhani cheti ni vivyo hivyo. Lakini sasa nakumbuka fahali wetu mweupe. Alianguka njiani akikohoa, akafa kidonda cha chapa hakijakauka. Baba aliigusa ile chapa, akasema daktari hakudanganya, siku ile fahali alikuwa mzima.

Basi Jumanne napimwa tena. Hizo saa zinahesabiwa tangu nichokolewe pua, au tangu karatasi itoke? Niulizie huko. Nikifika mkinifungia karantini siku kumi, sawa, nitakaa. Ila mtoto mlete dirishani.

Ni mimi, babu yako.