Wigi Lako na Mashine ya Sumaku

"Sivui!" Shoga, ndivyo nilivyomjibu binti yangu mbele ya wakubwa zake wote. "Mama, vua wigi." "Sivui!"

Si nimekuja chuoni kwao kupigwa picha ya ubongo kwa ajili ya utafiti wake? Mtu wao wa mwisho hakutokea, nikajitolea. Kumbe mashine yenyewe ni sumaku tupu, na wigi ulilonikopesha lina vibanio vya chuma!

Na wewe ndiye unayejua kilichokuwa chini yake. Upande mmoja umesukwa, mwingine umetimka kama fagio, kwa sababu jana uliniacha katikati ukakimbilia kazini.

Daktari anasema tuahirishe. Mhandisi anasema vibanio vitaruka. Mtu wa kompyuta anauliza kama haiwezekani kupiga tu hivyo hivyo. Wasomi watatu wanabishania kichwa changu, nami nimesimama hapo hapo!

Halafu profesa, kipara kinang'aa kama sahani, ananiambia, "Mama, nywele ni nini?" Nywele ni nini! Yeye, shoga! Yeye!

Binti akaninong'oneza, "Mama, leo ndiyo siku yetu ya mwisho kwenye mashine. Bila picha yako, utafiti wangu umekwama."

Nikajisemea, maji nimeshayavulia nguo. Nikang'oa wigi, nikamvisha profesa, nikaenda kulala kwenye mashine.

Limempendeza kuliko mimi.